Mtu anayegeuka mbwamwitu: wa kung'atwa, wa mkanda au wa laana, yupi anabeba hadithi?

Kalamu_Kavu
Wakuu, salaam. Naandika hadithi ndefu ya mtu anayegeuka mbwamwitu na nimekwama mahali pamoja: ageukeje? Naona njia tatu. Ya kwanza kung'atwa, kama kwenye sinema. Ya pili kifaa, kama kesi ya Peter Stumpp, mkulima wa Bedburg karibu na Cologne aliyeuawa mwaka 1589. Alipowekwa mbele ya vyombo vya mateso alikiri kwamba shetani alimpa mkanda: akiuvaa ni mnyama, akiuvua ni mtu. Walipoutafuta huo mkanda hawakuuona. Ya tatu laana, kama Mfalme Lycaon wa Arcadia, kule Ugiriki, aliyemwandalia mungu Zeus nyama ya binadamu mezani, naye akamgeuza mbwamwitu. Nichukue ipi?

Sinema_Usiku
Kung'atwa, sina mjadala. Stumpp alishtakiwa kwa kuua watoto, nani atamhurumia? Mtazame Larry Talbot wa sinema ya 1941, aliyechezwa na Lon Chaney Mdogo. Anamkimbilia msichana aliyevamiwa, anang'atwa, basi. Kosa lake nini? Na mwishoni anayemuua ni baba yake mzazi, kwa fimbo yenye kichwa cha fedha, hajui anampiga nani.

Mama_Vitabu
Huruma nimekuelewa, Sinema, ila mleta mada asidhani hayo ni ya kale. Kwenye kesi za Ulaya za karne ya 16 na 17 mtu anageuka kwa mapatano na shetani, mafuta ya kujipaka, ngozi au mkanda. Suala la ugonjwa wa kuambukizwa kwa meno limeenezwa na sinema za 1935 na 1941. Risasi ya fedha nayo hivyohivyo: watu wanasema mwindaji Jean Chastel alimuua mnyama wa Gévaudan, yule aliyeua watu kule Ufaransa, mwaka 1767 kwa risasi ya fedha, kumbe waandishi wa baadaye ndio waliomtilia hiyo fedha.

Fundi_Stori
Na mwezi je? Usiniambie nao ni wa Hollywood.

Mama_Vitabu
Mwezi upo tangu Roma, ila kazi yake ni taa tu. Kwa Petronius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, mtumwa anasafiri usiku na askari, mwezi unawaka kama adhuhuri. Wanafika makaburini, askari anavua nguo zote, anazikojolea kwa kuzizunguka, papo hapo anakuwa mbwamwitu na kukimbilia msituni. Mwenzake anakwenda kuziokota zile nguo, zimekuwa mawe. Anapofika alikokuwa akienda anaambiwa mbwamwitu ameingia kwenye mifugo, na mtumwa mmoja amemchoma mkuki shingoni. Asubuhi anarudi nyumbani, anamkuta askari kitandani, daktari anamtibu shingo.

Ndiyo maana nakuongezea njia ya nne, Kalamu: nguo. Marie de France, karne ya 12, ana shairi la bwana mmoja wa Brittany anayepotea siku tatu kila wiki. Mkewe anambembeleza mpaka anasema ukweli: anakuwa mbwamwitu, na bila nguo zake harudi kuwa mtu. Mke anamtuma mwanamume aliyekuwa akimtaka aziibe, kisha anaolewa naye. Mbwamwitu anakutana na mfalme mawindoni, anambusu mguu, anakaa ikulu mpole kabisa. Siku mke alipofika, mbwamwitu alimng'oa pua kwa meno.

Mto_Ruvu
Heh! Pua?

Mama_Vitabu
Pua. Na baadhi ya mabinti wa uzao wa huyo mke walizaliwa bila pua.

Fundi_Stori
Hiyo ya nguo ni kali. Kwenye kung'atwa mwandishi anabaki kusubiri tarehe ya mwezi, halafu kila sura inafanana na iliyopita. Kwenye nguo kuna siri ya chumbani, na kuna mtu wa karibu anayeweza kukumaliza bila silaha.

Mto_Ruvu
Mbona hamumtaji Thiess? Mzee wa zaidi ya miaka 80 kule Livonia, leo ni Latvia na Estonia, akahojiwa na mahakimu 1691 na 1692. Hakukana. Aliwaambia yeye na wenzake ni mbwa wa Mungu, wanaingia kuzimu kurudisha mbegu na mavuno yaliyoibwa na wachawi. Mchungaji akaitwa amshawishi atubu, mzee akagoma. Akahukumiwa viboko na kufukuzwa. Mbwamwitu mlinzi wa shamba, hapo mtu anaandika vitabu vitatu.

Mwana_Gondar
Kama mnataka ndugu yake wa upande wetu, Ethiopia kuna *buda*, mtu anayedhaniwa kuwa na jicho baya. Wahunzi ndio waliosingiziwa, kwamba usiku wanageuka fisi. Zipo simulizi za fisi aliyeuawa akakutwa na hereni sikioni. Tahadhari moja: uvumi huo uliwaumiza watu kweli, wakiwemo Wayahudi wa Ethiopia waliofanya kazi ya uhunzi. Ukiutumia, usimfanye mhunzi awe mwovu kirahisirahisi.

Kalamu_Kavu
Mmenisaidia sana. Nachukua nguo, na Thiess namweka kama babu wa kijiji anayejua mambo. Msimulizi atakuwa mke. Sinema, samahani, hakuna kung'atwa.

Sinema_Usiku
Hakuna? Na ile pua umeisahau?