Motari wa pikipiki mnayemjua wote ameniacha na kiboko Uvira, halafu AKARUDI KUCHUKUA UFUNGUO

Mwana_Kadutu:
Bandugu, naandika mikono inatetemeka, na si baridi, Uvira hakuna baridi. Jina lake siandiki. Mnamjua. Yule aliyekuwa anapaki pale Nyawera, Bukavu, kofia ya manyoya hata jua la saa saba, aliyeteremka huku kukimbia madeni ya nusu ya Bukavu. Huyo huyo.

Jana nimefika jioni, mifupa imehama mahali pake kwa ile barabara. Naenda ukweni, nimebeba kuku wa mama mkwe. Giza likanikuta Kavimvira, umeme hakuna. Nikaona kofia. Nikafurahi, mtu wa kwetu! Mkumbuke hilo: nilifurahi.

Nikapanda. Hata dakika tano hazijaisha, taa ikaangukia kitu katikati ya njia. Nikauliza, "Kaka, kile nini?" Akasema, "Ng'ombe ya watu, tulia." Ng'ombe! Ng'ombe mwenye upana wa vyumba viwili na saloni, hana pembe, hana shingo, anang'aa kama amepakwa mawese! Kiboko, bandugu. Alikuwa anakata majani pembeni ya parseli ya mtu kama mwenye hati. Akanyanyua kichwa, akafungua kinywa. Nimeona mpaka alichokula juzi.

Nikasema motari ageuze. Motari gani? Mbele yangu hakuna mtu. Ametoka mbio na sandali, na pikipiki bado inaunguruma! Kiboko anaweza kufika kilomita 30 kwa saa, wewe na sandali unakwenda wapi? Pikipiki ndiyo ingetuokoa sote watatu, nikihesabu kuku.

Nimebaki kiti cha nyuma, kuku kwapani, naahidi Mungu vitu ambavyo sina. Nikasikia pata-pata-pata. Anarudi! Nikasema asante Yesu, mtu wa Nyawera hatupi mwenzake. Akafika. Usoni hakunitazama. Akanyoosha mkono, akazima, AKACHUKUA UFUNGUO. Akaondoka tena.

Mmesoma vizuri? Alirudi. Nafasi alikuwa nayo. Mkono wake na goti langu vilikuwa karibu hivi. Akachagua ufunguo! Na taa ikazimika naye, sasa niko gizani na tani nzima ya hasira nisiyoiona. Aliogopa kiboko aibe pikipiki? Aende nayo wapi, Bujumbura?

Mwenye adabu pale alikuwa kiboko. Akatoa pumzi moja kama mzee aliyechoshwa na wajukuu, akapita zake.

Na leo asubuhi, nakunywa chai kwa wakwe, nani anapiga hodi? Kofia. Anataka faranga 3000 za njia na nyingine za kungojea. ZA KUNGOJEA!

Mama_Sambaza:
Kuku amepona?

Mwana_Kadutu:
Amepona. Mimi je, mama? Mtu alirudi mpaka hapa nilipo akachukua ufunguo.

Mama_Sambaza:
Nauliza kuku kwa sababu na ukweni watauliza kuku.

Leki_wa_Bagira:
Kaka, swali dogo tu. Miguu yako ilikuwa na kazi gani siku hiyo?

Mwana_Kadutu:
NILIKUWA NIMESHIKA KUKU.

Mtoto_wa_Kalundu:
Nyinyi watu wa Bukavu mnatutia aibu. Ziwa Kivu halina kiboko, halina mamba, mnaoga humo mkiimba. Halafu mnashuka kwetu mnatembea usiku kama mko harusini. Huku giza likiingia kiboko anatoka mu Tanganyika kutafuta majani, alfajiri anarudi ku maji. Njia ni yake. Unampisha, husimami kati yake na ziwa, na akiwa na mtoto hata kukohoa usikohoe. Mboga zangu za lengalenga amezimaliza mara mbili mwaka huu. Nililalamika humuhumu, mkacheka.

Mwana_Kadutu:
Sawa, lakini kiboko wenu aliwahi kurudi kuchukua ufunguo?

Mzee_wa_Nguba:
Vijana. Miaka ya 1970 kule hifadhi ya Virunga, Ziwa Edward na mito yake, viboko walizidi 20,000. Bunduki na biashara ya nyama viliwafyeka, kufikia 2005 hawakufika hata 1,000. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kutafuta mmoja. Wewe umemwona bure, tena kwa karibu, na bado unalia.
Huyo wa kofia namdai dola 40. Akirudi kuomba za kungojea, mwambie na mimi nangojea.

Mwana_Kadutu:
Si bure mzee, ameomba 3000!

Goma_Mawe:
Kiboko unamwona, unamsikia. Njooni Goma mfundishwe woga. Sisi tuna mazuku: hewa inatoka ardhini, haina rangi, haina harufu, ni nzito, inajilaza mashimoni. Mbuzi anashuka kula majani, analala, hajaamka tena. Mbwa anakwenda kumnusa, naye analala. Na wewe ukiinama kumvuta kamba, umejiunga nao. Nimepoteza mbuzi wawili kwa sababu ya jirani aliyeniambia "kule majani ni mabichi kabisa." Alijua! Majani ni mabichi kwa sababu aliyekwenda kuyala hakurudi! Na volkano ya Nyiragongo iko juu yetu, imetukimbiza 2002, imetukimbiza tena 2021. Nyinyi mnalilia kitu chenye miguu.

Leki_wa_Bagira:
Huyo jirani angemfaa yule wa kofia.

Lushi_Kabisa:
Lubumbashi mvua zikianza, nyoka anaingia bila hodi. Wengine ukikanyaga kwa kishindo wanakimbia, lakini kifutu hakimbii, analala palepale kama kipande cha kamba mpaka umkanyage. Nilimkuta chini ya brazero nikitaka kuwasha makala. Nikamwita bayeri, mwenye nyumba. Bayeri akatazama akiwa mlangoni, akasema: "Nyumba ulipanga na vilivyomo."

Mama_Sambaza:
Hahaha! Bayeri ni bayeri kila mji.

Leki_wa_Bagira:
Wangu alichukua garanti, amana ya kodi ya miezi sita, choo hakina mlango. Nikamwambia, akasema niweke pazia. Nimeweka. Sasa anasema pazia limependezesha parseli, anaongeza kodi.

Goma_Mawe:
Sita tu? Unalia na sita? Tena kwa dola, na noti ikiwa na alama ya kalamu anaikataa.

Lushi_Kabisa:
Yenye kona iliyopasuka je! Wangu anaitazama juani kama daktari anatazama mapafu.

Mwana_Kadutu:
Bandugu, turudi kwenye ufunguo. Mtu alirudi

Mzee_wa_Nguba:
Wangu aliuza nyumba nikiwa ndani. Nimejua siku wanunuzi walipokuja kupima dirisha la chumba cha kulala, mimi na mama tumelala.

Mwana_Kadutu:
Alinyoosha mkono hivi, nikadhani ananishika mimi

Mama_Sambaza:
Kuna anayejua chumba Kadutu, garanti isizidi miezi mitatu? Ni ya mdogo wangu, hana vurugu.

Leki_wa_Bagira:
Kiko kimoja nyuma ya soko. Maji yanatoka usiku.

Mama_Sambaza:
Choo kina mlango?