Ukoo wa Bibi Somoe: mjusi wa kwetu

Zuhura Dar 19:42
Asalaam alaykum nyote. Shikamooni wakubwa. Leo nimeaibika kazini jamani.

Zuhura Dar 19:44
Mwenzangu katoka likizo Ujerumani, ananionyesha picha. Mifupa ya mjusi, yule dinosaria wa kale, imesimama ndani ya jumba la makumbusho Berlin, mtu akisimama chini yake anaonekana kama kifaranga. Ananiuliza, hii si imetoka kwenu Lindi, Tendaguru? Nikabaki nacheka cheka tu.

Shangazi Hadija 19:45
Waalaykum salaam. Marahaba. Na ada zote zile tulizokulipia 😂

Issa Mwalimu 19:46
Mita 13 na sentimita 27 kwenda juu dada. Alikuwa anakula majani ya juu kabisa mitini, miaka kama milioni 150 iliyopita.

Zuhura Dar 19:46
Wewe mwalimu ni kazi yako kujua. Sisi wengine tulikaririshwa Olduvai tu.

Mjomba Seif 19:51
Marahaba Zuhura. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 mpaka 1913. Waliosimamia kuandika vitabu ni wao, walioshika majembe na sururu ni watu wetu, mamia. Mfupa ukishatoka unafungwa kwa udongo na mianzi usivunjike, halafu unabebwa mpaka bandarini Lindi kupanda meli. Zilitoka tani zaidi ya 200.

Mwanaidi Mtwara 19:52
Tani 200 kwa lori gani miaka ile mjomba?

Mjomba Seif 19:53
Lori la wapi. Kichwani na mabegani. Hata punda hawakufaa, mbung'o walikuwa wanawamaliza. Siku tatu nne porini kwa miguu, mkifika mnashusha, mnarudi kuchukua mingine.

Mjomba Seif 19:54
Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha Waingereza nao wakaja kuchimba, mwaka 1924. Mjusi hakupumzika.

Salum (simu ya Bibi) 20:02
Salum hapa, namwandikia Bibi. Sauti hataki kurekodi, anasema mara ya mwisho simu ilimkata katikati ya neno.
Bibi anasema babu yake mzaa baba alikuwa mmoja wa wabebaji. Utosini alikuwa na kipara cha duara, upana wa kisosi, nywele hazikuota tena pale. Watoto wakimuuliza anasema ni ngata ya mawe ya Wazungu. Anasema walikuwa wanajua ni mawe, wakawa wanaambizana njiani hawa jamaa wana kichaa, wanasafirisha mawe kwenda kwao kama kwao hakuna mawe.

Shangazi Hadija 20:03
Hii mbona sijawahi kuisikia mama??

Salum (simu ya Bibi) 20:04
Anasema hukuuliza.

Zuhura Dar 20:07
Shikamoo Bibi. Nimepata baridi mwilini. Sasa sikieni, Desemba nilikuwa nimepanga kuwapeleka watoto Zanzibar. Nimeahirisha. Tunakuja nyumbani, mtutembeze. Tuanze na Tendaguru.

Mjomba Seif 20:09
Tendaguru Desemba sahau mwanangu. Ile njia mvua ikidondoka mara mbili gari linalala huko. Nilikwenda mwaka 2011 mwezi wa nane, kukavu kabisa, na bado tulishuka kusukuma. Na ujue unachokwenda kuona: kilima, majani, mashimo ya zamani yaliyojifukia. Bila mwenyeji wa kukuonyesha utapita juu yake unatafuta Tendaguru iko wapi.

Mwanaidi Mtwara 20:10
Njooni Mikindani, kwangu ni pua na mdomo. Kuna Boma la Mjerumani la mwaka 1895, zile nyumba za mawe zenye milango ya nakshi, na Livingstone aliondokea hapo 1866 kwenda bara, hakurudi hai. Mkichoka mnakuja kula kwangu.

Issa Mwalimu 20:11
Boma si limekuwa hoteli dada. Watakwenda kuangalia vitanda?

Mwanaidi Mtwara 20:11
Vitanda vya 1895 😏

Issa Mwalimu 20:19
Mimi nasema Kilwa. Mkoa wetu wenyewe, urithi wa dunia tangu 1981, na humu ndani waliofika wanahesabika kwa vidole. Zuhura, watoto wako wanajua Zanzibar kabla ya Kilwa Kisiwani, wakati Kisiwani palikuwa na masultani wanaotoza ushuru wa dhahabu ya Sofala huko Msumbiji na wanapiga sarafu zao wenyewe za shaba. Yule msafiri Ibn Battuta alifika 1331.
Mwaka juzi nilipeleka wanafunzi. Msikiti Mkuu una nguzo za mawe ya matumbawe, ukikaa katikati ukaangalia juu kuba moja baada ya nyingine, watoto wenye kelele wote wakanyamaza. Sikuwaambia wanyamaze. Halafu Husuni Kubwa, jumba la sultani juu ya genge linatazama bahari, lina birika la kuogea lenye pembe nane. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, mwalimu, sultani alikuwa anajua kuogelea? Nikakosa jibu.

Shangazi Hadija 20:20
Waambie na ile ya viatu.

Issa Mwalimu 20:22
Haya. Mashua ilichelewa kurudi, maji yakapwa. Ikabidi tushuke mbali tutembee kwenye tope. Viatu vya watoto 6 vilibaki humo, na wazazi walinipigia wote 6. Kwa hiyo tunakwenda na maji ya kujaa na tunarudi kabla ya kupwa, na kila mtu avae ndala. Kibali tunakata Kilwa Masoko, huku bara, kabla ya kuvuka.

Baba Nuru 20:25
Na mimi mkwe wenu niseme. Mkifika njia panda ya Nangurukuru wengine wote mnakata kulia kwenda kuangalia masultani. Mlimani kwetu Umatumbini, Nandete, ndiko watu walikong'oa pamba ya Mjerumani Julai 1905 Majimaji ikaanza. Hamjawahi kuniambia hata twende.

Shangazi Hadija 20:26
Kwa Wamatumbi tunaogopa kwenda, tutarudishwa na mahari yenu 😂😂

Baba Nuru 20:26
Mahari nilitoa yote shangazi, nyie ndio mmebakiza mbuzi wangu mmoja.

Mjomba Seif 20:30
Baba Nuru ana hoja. Na Kilwa Kivinje ni hapo hapo njiani kwenda Masoko, upo mwembe waliponyongewa watu wa Majimaji. Watoto wakiona sarafu za sultani wakakosa ule mwembe, watakuwa wameona nusu ya Kilwa. Lakini Nandete mlima na mvua, ile ile ya Tendaguru. Desemba tufanye Kivinje na Kisiwani, siku mbili, tulale Masoko. Mwezi wa saba tupande Nandete na Tendaguru.

Zuhura Dar 20:31
Nimekubali. Gari?

Mjomba Seif 20:32
Kosta ya kukodi, tuchange. Mimi langu mpaka malipo ya korosho yaingie. Mnada ulishapita, pesa bado tunaambiwa kesho.

Mwanaidi Mtwara 20:33
Ming'oko ya njiani juu yangu. Zuhura, watoto wako wanaila?

Zuhura Dar 20:33
Hawajawahi kuiona 🙈

Shangazi Hadija 20:34
Ya Rabi.

Issa Mwalimu 20:36
Na ile mifupa irudishwe bwana. Hatuwezi kuwa tunalipa nauli ya ndege kumwona mjusi wa kwetu.

Mjomba Seif 20:38
Irudi iwekwe wapi? Jumba la kumsimamisha mita 13 lipo Lindi? Kwanza watutengenezee njia ya kufika pale alipotoka. Na pale Berlin waandike majina ya waliobeba.

Issa Mwalimu 20:38
Vyote viwili mjomba. Sioni kwa nini tuchague.

Salum (simu ya Bibi) 20:47
Bibi anasema Kilwa atakwenda, ila ndani ya mashua akae katikati. Na mwezi wa saba hata kama ni kwa pikipiki atafika Tendaguru.
Anauliza, Zuhura, ile picha mguu wa mbele unaonekana? Babu yake alikuwa anasema yeye na wenzake walibeba mguu.

Zuhura Dar 20:48
Unaonekana wote Bibi, mpaka kwenye kwato. Naisafisha kesho, kubwa, nakutumia na basi la asubuhi.

Issa Mwalimu 20:49
Mjusi hana kwato dada.

Zuhura Dar 20:49
Issa lala.