Babu alikuja kulima kahawa Masaka, akafia Burma: jina lake nilitafute wapi?

Mjukuu wa Masaka:
Ndugu zangu, naomba msaada. Babu yangu mzaa mama alitoka Ruanda ilipokuwa chini ya Wabelgiji, akikimbia kodi na shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa, kama maelfu ya wenzake, akawa mpakasi, yaani kibarua, katika shamba la kahawa karibu na Masaka. Mwaka 1942, mama akiwa tumboni, alijiandikisha Keya (KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), na mwaka 1944 ikaja habari kwamba amefia Burma. Kijijini walipoorodhesha waliofia vitani, yeye aliachwa kwa hoja kwamba alikuwa mgeni. Mama ni mzee sasa, na anatamani kuliona jina la baba yake limeandikwa mahali.

Mstaafu wa Jinja:
Pole sana, mwanangu. Huenda alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka huo ilipita bonde la Kabaw katikati ya mvua, matope na malaria, mpaka ikauteka mji wa Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Waliofia Burma bila kaburi kujulikana wameandikwa katika nguzo za ukumbusho huko Taukkyan, karibu na Yangon, zenye majina karibu 27,000. Lakini muulize mama kama habari ile ilitaja bahari. Meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa na askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944, na wengi wao wameandikwa kwenye ukumbusho ulioko Nairobi, si Burma.

Mwalimu wa Mbarara:
Rejista ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iko kwenye intaneti bila malipo. Jaribu kuandika jina kwa r na kwa l, kwa sababu karani aliandika alivyosikia, na usishangae ukimkuta na jina moja tu. Namba ya jeshi ndiyo ufunguo. Nishani nyingi za wakati ule hazikuchongwa jina, kwa hiyo tafuta barua au karatasi yoyote ya malipo. Asipokuwemo, Tume hupokea maombi yenye ushahidi. Na hao wa kijijini, waulize ni nani aliyeipanda mikahawa wanayoichuma.

Mjukuu wa Masaka:
Asanteni, wazee wangu. Mama anasema bibi alikuwa akirudia neno "maji" kila alipokisimulia kifo hicho, nasi tulidhani ni mvua. Nitaanza na orodha ya Nairobi.