Tupeane uzoefu: nani alishawahi kubanwa na kaa wa mtoni?

Mama Gredi Nne: Jamani mtoto amekuja na homuwaki aeleze kaa anaishi wapi, ameandika "baharini Mombasa" akafunga kitabu. Nikamwambia hata huku juu mito ina kaa, akanicheka. Leteni zenu nimsomee.

Kijana wa Majani Chai: Mwambie acheke polepole. Kwetu ushago mto ulikuwa chini ya shamba la chai, ukiinua jiwe unampata, rangi ya matope, anaenda upande upande akijificha. Siku moja nikaona shimo ukingoni nikaingiza mkono mpaka kwa kiwiko, kitu kikashika kidole cha kati, nikapiga nduru "NYOKA!" wenzangu wakatoka mbio na nguo zangu, sasa mimi nimelala tumbo uchi, mkono shimoni, natubu mpaka dhambi za kesho. Kuuvuta mkono, kaa huyo ananing'inia. Shosho akamgeuza, akafungua kile kifuniko cha tumboni, tukaona vikaa vidogo kama punje za mtama, vyote na miguu. Nilimrudisha mwenyewe, kidole kinavuja damu.

Buda wa Kawangware: 😂😂 dhambi za kesho

Mama Gredi Nne: Ngoja, si mayai huangua viluwiluwi?

Mwalimu Mstaafu: Wa baharini ndio huanza hivyo, wanaelea. Wa mtoni anatoka kwa yai akiwa kaa tayari na mama anambeba, la sivyo maji yangemsomba. Aandike pia anapumua kwa mashavu kama samaki, lakini yakibaki na unyevu anatembea nchi kavu. Miguu kumi ukihesabu magando.

Jaymo: Mi nimekula kaa wengi Naivasha

Mwalimu Mstaafu: Wale ni kamba wa Marekani, waliletwa 1970. Wana mkia mrefu.

Jaymo: Ana magando ni kaa bana

Mwalimu Mstaafu: Nge pia ana magando. Mle.

Buda wa Kawangware: Akikubana usivute, tumbukiza mkono majini atakuachilia

Jaymo: Uongo, mtemee mate

Kijana wa Majani Chai: Mshike kwa mgongo kutoka nyuma, magando hayafiki. Nilijua nikiwa nimechelewa.

Mama Gredi Nne: Ameandika yote, sasa anataka twende mto wa hapa nyuma ya fleti.

Buda wa Kawangware: Huo mtatoa nepi tu

Kijana wa Majani Chai: Mlete kwa shosho. Lakini nguo asivue.