Stelingi yuko hatua 10 kutoka kwa adui, halafu anamwacha: Hero inatetea madikteta au mimi ndiye sijaelewa?

Mtoa mada

Wakuu, heshima kwenu. Mimi si mtaalamu wa filamu. Ni mtu wa Jumamosi usiku, karanga pembeni, nataka ngumi. Juzi dogo kaniletea flashi yenye Hero ya Zhang Yimou, ile ya 2002 ya Jet Li. Zamani niliiona kibanda umiza, mtafsiri akipiga kelele juu yake, nikatoka nimefurahi. Safari hii nimeitazama kimyakimya nikisoma maandishi ya chini, na nimelala na hasira.

Kwa waliosahau: ni China ya kale, falme saba zinatwangana, na mfalme wa Qin anazitaka zote. Anawindwa, kwa hiyo hakuna anayeruhusiwa kumkaribia chini ya hatua 100. Jet Li, mtu asiye na jina, anakuja na silaha za wauaji watatu kama ushahidi kwamba amewamaliza. Kwa zawadi anasogezwa mbele, anasogezwa tena, mpaka anakaa hatua 10 tu kutoka kwenye kiti. Kumbe ni mtego, maana ana pigo moja ambalo ndani ya hatua 10 halikosi mtu. Katikati yao kuna mishumaa. Ndimi za moto zinayumba kuelekea kwa mfalme, na mfalme anasoma humo kwamba huyu kaja kuua.

Hapo ndipo stelingi anaghairi! Mwenzake mmoja alimwandikia maneno mawili mchangani, yakamgeuza moyo: ni Qin pekee anayeweza kuziunganisha falme zote na vita vikaisha. Basi anamwacha mfalme mzima, anatoka nje, anamiminiwa mishale.

Na mfalme ni huyuhuyu ambaye jeshi lake tumelionyeshwa likiinyeshea mishale shule ya watu wanaojifunza kuandika, wanafunzi wanaanguka, mwalimu mzee kakaa palepale anaandika. Baada ya kunionyesha hayo unaniambia nivumilie kwa ajili ya umoja? Tuliokulia vibandani tunajua sheria ni moja, stelingi hafi. Haya, afe. Lakini afe kwa kumhurumia adui? Nitetewe au nisahihishwe.

Binti wa Magomeni

Kaka, umetazama kwa tumbo. Hiyo hadithi inasimuliwa mara kadhaa, na kila mara ina rangi yake. Nyekundu ni uongo wa Jet Li. Bluu ni mfalme anakisia ukweli. Nyeupe ndiyo yenyewe. Ukishajua hivyo huwezi kusema filamu inakulazimisha uamini kitu, kwa sababu nusu nzima inakuonyesha watu wawili wakidanganyana kwa heshima.

Na lile pambano la msituni je? Maggie Cheung na Zhang Ziyi, nguo nyekundu, majani ya njano yanazunguka kama yana akili. Mmoja anapokufa, majani yote yanageuka mekundu. Nilisimamisha nikamwita mama aache mboga jikoni aje aone. Akasema, "Hawa wanapigana au wanacheza harusi?" Hajakosea sana.

Kuhusu mwisho, kumbuka ule ukuta. Umejaa mishale kila mahali isipokuwa pale aliposimama yeye, pamebaki umbo la mtu, tupu. Anayetaka kumsifu mfalme haachi picha kama hiyo kichwani mwa watu.

Fundi Redio

Ngumi chache, maneno mengi. Jet Li na Donnie Yen wamekutana, mvua inadondoka, mzee anapiga ala yake ya nyuzi, nikasogeza kiti. Kisha naambiwa sehemu kubwa ya pambano iko ndani ya vichwa vyao. Vichwani! Haohao mwaka 1992 walipigana kwenye filamu nyingine, mmoja ana fimbo, mwingine ana kitambaa kilicholoweshwa anakichapa kama chuma. Ile ndiyo kazi. Habari za udikteta sina.

Mwalimu Mstaafu

Vijana, hadithi hii ina mizizi. Mwandishi wa historia Sima Qian aliandika habari za Jing Ke, aliyetumwa kumuua mfalme wa Qin mwaka 227 KK. Alikwenda na ramani iliyokunjwa, mwishoni mwa ramani kuna jambia lenye sumu. Ramani ikakunjuliwa, jambia likatokea, akamshika mfalme mkono wa vazi, vazi likachanika. Mfalme akakimbia akizunguka nguzo, upanga wake mrefu hauchomoki alani, mganga wa ikulu akamtupia muuaji mkoba wa dawa. Jing Ke akashindwa, akauawa. Lakini aliyeimbwa na washairi ni yeye.

Angalieni tofauti. Jing Ke alitaka akakosa. Huyu wa Zhang Yimou aliweza akakataa. Kwa hiyo mtoa mada hajaota, hapo hadithi imepinduliwa kwa makusudi. Na ule umoja uliotimia mwaka 221 KK haukudumu. Mfalme alikufa 210 KK, na miaka michache baadaye ukoo wake ukaanguka kwa maasi. Filamu inakuaga kabla hujafika huko.

Nyongeza ndogo: Zhang Yimou huyu, filamu yake ya mwaka 1994 ilizuiwa China. Mwaka 2008 ndiye aliyekabidhiwa sherehe ya ufunguzi wa Olimpiki Beijing. Katikati ya hizo mbili ndipo ilipo Hero. Sisemi zaidi.

Mtu wa Mvita

Mtoa mada, umeyataja yale maneno mawili ya mchangani halafu umeyapita. Ni tianxia, yaani "chini ya mbingu", ulimwengu wote. Filamu ilipofika kumbi za Marekani 2004, maandishi ya Kiingereza yakasema "nchi yetu". Ukisoma "nchi yetu" unaona mzalendo anajitolea. Ukisoma "kila kilicho chini ya mbingu" unauliza, na asiyetaka kuwa chini yako?

Mimi kilichonigusa ni kingine. Mfalme anaambiwa neno "upanga" lina namna 19 za kuandikwa katika zile falme, na anasema akishinda ataziondoa zote ibaki moja. Amelisema kwa wepesi kama anayefagia uwanja. Nikakumbuka mkutano wa 1928, uliofanyika hapahapa Mombasa, ambapo Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Sikatai faida yake, bila hicho tusingekuwa tunabishana hapa usiku huu. Lakini nyumbani macho bado ni mato, na shuleni nilichapwa kwa hayo mato. Ndiyo sababu siwezi kumpenda yule mfalme, wala siwezi kusema kazi yake haikunifaa.

Mtoa mada

Mwalimu, asante, nimetosheka. Fundi, wewe nenda ukalale. Dada wa Magomeni, nimerudia kuitazama jana kwa ajili yako, na rangi nakubali. Mzee wa Mvita kanitia wazimu, maana na mimi nina tafsiri yangu ya kuungama.

Nimekumbuka kwa nini kibandani nilitoka nimefurahi. Mtafsiri wetu alipofika pale mfalme anaachwa, alitangaza kwamba mfalme kaapa mbele ya mizimu kurudisha ardhi za watu, kwa hiyo stelingi kamsamehe. Kibanda kizima tukapiga makofi. Mishale ikamiminwa, tukanyamaza. Kisha ukatokea ule ukuta wenye nafasi tupu, na jamaa akaruka na maiki: "Mnaona? Hayupo! Kapotea! Stelingi hafi!"

Miaka yote hii nilikuwa naamini Jet Li alitoroka.

Bado nasema yule mfalme alistahili upanga. Mwenye ile ya Chen Kaige ya 1998 kuhusu Jing Ke huyuhuyu, anisukumie. Na iwe bila mtafsiri.