Gari la kukodi Malindi kwa safari ya Arabuko-Sokoke: lipi litufae?

MwalimuWaAmu

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, nawaombeni ushauri. Likizo ya Agosti nimekusudia kuileta familia yangu Malindi: mke wangu, watoto wawili, na mama yangu mzazi ambaye goti moja humsumbua. Tutavuka kwa mashua hadi Mokowe, tupande basi kupitia Witu na Garsen, na tukishafika Malindi tukodi gari kwa siku chache ili tuuzunguke msitu wa Arabuko-Sokoke, tuingie magofu ya Gede, tuione hori ya Mida na, muda ukiruhusu, twende hadi bonde la Marafa. Leseni ninayo, na mjini Mombasa nimeendesha sana, lakini njia za mchanga na za msituni sizijui, kwa kuwa kwetu Amu mwenye njia ni punda.

Nimezungumza kwa simu na wenye magari wawili. Wa kwanza ana gari dogo la kawaida kwa bei nafuu na anasema latosha kabisa. Wa pili anashikilia kwamba bila gari linalovuta kwa magurudumu yote manne nisithubutu hata kulikaribia lango, na bei yake inakaribia kuwa maradufu. Kila mmoja anavutia upande wake, kwa hivyo nimeona niwaulize wenyeji wasio na gari la kukodisha. Ni gari gani litufae kweli, na ni mambo gani niyatazame katika mkataba kabla ya kutia saini?

Mkaazi wa Gede

Waalaykum salaam, Mwalimu, karibuni sana. Wote wawili wamekueleza nusu ya ukweli, kwa sababu hawajakuuliza utaingia msitu kwa upande gani. Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, nao ndio msitu mkavu wa pwani mkubwa kuliko yote iliyosalia Afrika Mashariki. Ubavu wake wa mashariki unafuatana na barabara kuu ya Malindi kwenda Mombasa, ambayo ni lami, na kituo cha msitu cha Gede kipo kando ya barabara hiyo hiyo, mwendo usiofika kilomita 20 kutoka Malindi mjini. Mpaka hapo gari dogo linafika bila tabu, na vivyo hivyo magofu ya Gede, Watamu na Mida.

Tabu inaanza ukiiacha lami. Upande wa miti ya mrihi ardhi ni mchanga mweupe, na mchanga huo ukikauka sana huwa laini kiasi kwamba gari zito linadidimia polepole huku dereva akidhani bado linakwenda. Ukielekea magharibi, kwenye vichaka vizito vya mifunda, udongo ni mwekundu. Wakati wa jua hauna neno, ila ikinyesha hata mvua ya saa moja huteleza kama sabuni. Agosti masika huwa yameshapita, lakini manyunyu ya Kusi yapo, kwa hivyo usiingie njia nyekundu asubuhi inayofuata usiku wa mvua, hata ukiwa na gari la aina gani.

Na niseme jambo ambalo wenye magari hawatakuambia: msitu huu huonwa kwa miguu. Wengi huja wakidhani ni kama Tsavo, kwamba utakaa kitini na wanyama wapite mbele ya kioo. Hapa mnyama anayetafutwa ni isanje mwenye kiuno cha manjano, ambaye hana ukubwa wa kushinda sungura, na makazi yake makuu duniani ni msitu huu wetu. Utamsikia kabla hujamwona, akichakurachakura majani makavu kwa pua yake ndefu. Kisha anaruka, ile rangi ya manjano inamulika mara moja, na keshatoweka. Mngurumo wa injini unamkimbiza mbali. Kodini gari la kuwafikisha kituoni, liacheni hapo, mchukue mwongozaji wa kituo alfajiri kabla jua halijapanda, mtembee naye. Ada hulipwa kwa simu, kwa hivyo usitegemee noti mfukoni. Ndovu nao wamo, na sababu ya kwanza ya kutoka msituni kabla ya magharibi ni wao.

BintBarani

Mwalimu, nakubaliana na ndugu yangu wa Gede kuhusu msitu, lakini mimi niliwahi kukaa nyuma ya meza ya kukodisha magari hapa mjini, na yaliyokuwa yakiwaumiza wateja yalikuwa kwenye karatasi zaidi kuliko kwenye mchanga. Uliza kwanza gari limekatiwa bima ya aina gani. Hapa Malindi magari mengi ya kukodi ni ya mtu binafsi aliyekwenda kazini Nairobi akamwachia shemeji yake alitafutie riziki, na bima yake ni ya matumizi ya nyumbani. Bima ya namna hiyo kwa kawaida haimfuniki anayeendesha kwa kulipia, kwa hivyo ajali ikitokea kampuni ya bima ina haki ya kukataa kulipa, na mzigo wote unakurudia wewe. Usiridhike na kuambiwa "ina bima". Omba cheti, usome mahali palipoandikwa matumizi ya gari, na hakikisha ni la kukodishwa.

La pili ni kifungu kinachotaja barabara. Mikataba mingi ina sentensi fupi, mara nyingi ukurasa wa nyuma, inayosema kwamba madhara yatokeayo nje ya lami hayafunikwi, au kwamba matairi, vioo na tumbo la gari ni juu ya dereva popote pale. Mtu anakodi gari kubwa kwa bei ya juu akiamini ameshanunua usalama, kumbe karatasi inamkataza kuingia kule kule alikokodia gari. Mweleze mwenye gari kwa majina unakokwenda, yaani Jilore na Kakuyuni za upande wa msituni, na Marafa, na ayaandike kwenye mkataba kwa mkono wake. Akisita, umeshapata jibu lako. Ulizia pia ni kiasi gani cha kwanza utakachobeba mwenyewe madhara yakitokea kabla bima haijaingia, kwa sababu mara nyingi amana unayoiweka ndiyo hiyo.

Lizunguke gari na simu mkononi, ulipige picha kila mkwaruzo, kipimo cha mafuta na kilomita, mwenye gari akiwa amesimama hapo. Ukutane naye mchana, kwa maana gari linalokabidhiwa usiku chini ya taa ya kituo cha mafuta lina siri zake.

MwalimuWaAmu

Nawashukuru sana nyote wawili. Suala la bima ya nyumbani halikunijia kabisa akilini. Ila ndugu yangu wa Gede, mama hawezi matembezi marefu. Ikiwa msitu ni wa miguu, je, yeye atabaki hotelini?

Mkaazi wa Gede

Asibaki hata kidogo. Mpeleke magofu ya Gede, ambayo mwaka 2024 yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Njia zake ni tambarare, kivuli kimejaa, na mapumziko ni mengi kati ya msikiti mkuu na jumba la mfalme. Nyani na tumbili humo hawana haya, kwa hivyo ndizi zisionekane mkononi. Mradi wa vipepeo wa Kipepeo upo hapo hapo, nao hautaki mwendo mrefu. Mida atafurahia ufukweni, lakini lile daraja la mbao lililoning'inizwa katikati ya mikoko huyumba kila mtu anapokanyaga, na kwa goti lake silipendekezi.

Marafa ni safari ya kukaa garini, inamfaa. Mtavuka daraja la Sabaki, mpite Mambrui, kisha mwingie bara. Tokeni baada ya alasiri, maana mchana lile bonde la udongo mwekundu na mweupe linachoma, na mama anaweza kulitazama kutoka ukingoni bila kushuka chini. Kwa siku hiyo moja ningechukua gari lenye tumbo la juu, pamoja na dereva wake, kwa sababu mtarudi jua likizama, na usiku njia hiyo ina mbuzi, baiskeli zisizo na taa na bodaboda zilizobeba magunia ya makaa. Siku zilizobaki, lile gari dogo la bei nafuu linawatosha.

Fundi wa Maweni

Wameshakujibu vizuri, nami naongeza la ufundi tu. Ukiamua kuendesha kwenye mchanga, punguza upepo wa matairi kabla hujaingia na ubebe pampu ya kuurudisha ukifika lami, kwa sababu tairi laini kwenye lami hupata moto na kupasuka. Gari likikwama usikanyage mafuta, kwani kila mzunguko wa gurudumu unachimba shimo zaidi. Shuka, ufukue mchanga mbele ya magurudumu, utandike mazulia ya miguuni, halafu utoke polepole. Usikate matawi ya kutandika, huo ni msitu wa hifadhi. Kabla ya kuondoka Malindi toa tairi la akiba nje, usilitazame tu ndani ya buti, lipime upepo, na ujaribu spana ya nati kwenye gurudumu lenyewe, kwa maana mara nyingi spana iliyomo ni ya gari jingine. Beba pia kipande cha ubao mpana cha kuweka chini ya jeki. Bila ubao, jeki inazama mchangani na gari linabaki pale pale.