Mrejesho: ile bunduki ya yaya wangu ya kulenga shabaha

Ndugu zangu, salamu kutoka Lubumbashi. Niliwauliza kwa niaba ya yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anayeishi Texas: achukue Ruger 10/22 au Savage Mark II, zote za risasi ndogo za .22, kwa kulenga karatasi tu mita 50, na mfuko wake si mnene. Wengi mlisema Savage, kwa kuwa unakoki kwa mkono kila risasi na kifyatulio chake kinarekebishika. Alinunua hiyo, nami nilimkuta nayo nilipomtembelea.

Siku ya kwanza ilituvunja moyo. Matundu yalitawanyika karatasi nzima. Mzee mmoja pale uwanjani akashika darubini ya kulengea iliyo juu ya bunduki, akaitikisa: skurubu zake zimelegea! Tukazikaza, tukabadilisha risasi pia. Hili la risasi ndilo kubwa kuliko nilivyodhani. Zile za kasi huanza juu ya mwendo wa sauti, kisha hushuka chini yake zikiwa njiani na kuyumba. Tukajaribu risasi za CCI Standard Velocity, zinazotoka kwa mita 326 hivi kwa sekunde, chini ya mwendo wa sauti tangu mwanzo. Tano za mwisho nilipiga mimi, nikipumua taratibu. Sarafu moja ingefunika matundu yote. Karatasi hiyo nimerudi nayo, iko ukutani hapa Kamalondo.

Na wewe baba uliyesema tujaribu risasi za aina kadhaa kabla ya kutafuta darubini ghali: aksanti sana. Yaya anakusalimia.